Hiyo ni ya Lini?

Ukimwambia Madam wa Chuo habari yoyote, hata habari ya mvua, alikuuliza kwanza, "Hiyo ni ya lini?" Kama uliisikia jana, alikusikiliza nusu. Kama uliisikia wiki iliyopita, alikuambia uende ukaulize tena ndipo urudi. Pale Malaba, mpakani, watu walizoea kumwigiza. Kijana wa boda akiambiwa na mwenzake kwamba mafuta yamepanda, alishika kiuno, akakunja uso na kusema, "Hiyo ni ya lini?" Wote wakacheka. Yeye mwenyewe akipita wakati huo alicheka pamoja nao, lakini hakuacha kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kusajili wanafunzi wa chuo kimoja cha ufundi. Chuo chenyewe kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori na wageni walipotea wakikitafuta, kwa hiyo mkuu wa chuo alimkodishia chumba cha mbele kwenye jengo linalotazama barabara. Cherehani yangu ilikuwa kwenye veranda ya jengo hilohilo. Nilishona sare, nikapunguza suruali za madereva, nikatia zipu. Tulikaa hivyo miaka kadhaa, yeye ndani, mimi nje, na kati yetu dirisha lisilofungika. Yote aliyosema kwenye simu niliyasikia, nikitaka nisitake.

Watu walidhani kazi yake ni kugawa fomu. Hata mimi mwanzoni nilidhani hivyo. Baadaye nikaona kwamba fomu ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa kujua ni nini kinaruhusiwa wiki hii. Alama gani inaingia kozi gani. Kozi gani chuo kina kibali cha kuifundisha, na kibali hicho kinaisha mwezi gani. Tangazo linaweza kusema nini na haliwezi kusema nini. Kwa mfano, lisimwahidi mtu kazi ng'ambo. Picha ya mwanafunzi haitundikwi ukutani kabla mwenyewe hajakubali. Cheti halisi cha mtoto hakishikwi ofisini, unakitazama, unatoa nakala, unamrudishia mkononi. Mambo hayo yalibadilika kama bei ya nyanya, na hakuna aliyekuja Malaba kugonga mlango na kusema yamebadilika. Ilibidi ayatafute.

Tabia hiyo ya kutafuta alisema aliichukua kwa mawakala wa forodha. Hao walikunywa chai mahali alipokunywa yeye, kwa mama mmoja aliyekuwa na benchi mbili kando ya lango la mpaka. Wakala mzuri, alikuwa akiniambia, haendi na alichojua jana. Anaamka, anaenda dirishani, anauliza kama kuna jipya, ndipo anamwambia dereva awashe gari. Wakala mvivu anaenda na akili ya jana, na lori lake linalala hapo mpaka matunda yanaoza. "Sasa mtoto wa mtu akilala hapo aoze?" aliniuliza mara moja, kana kwamba mimi ndiye niliyebisha.

Basi Jumatatu ilikuwa siku ya simu. Alipiga ofisi ya elimu kule Amukura. Alimpigia mwalimu mmoja Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu wanafunzi wengi wa kwetu husoma huko na alama zao zinasomwa tofauti. Alimpigia mama mmoja Nairobi ambaye walisoma pamoja, na ambaye siku hizo alifanya kazi katika mamlaka inayosimamia vyuo. Wote aliwauliza swali moja: kuna jipya? Wakisema hakuna, hakukubali haraka. Aliwauliza nani amesema hakuna. Ijumaa alienda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, akafungua tovuti ya mamlaka, akachapisha kila tangazo jipya, akarudi nalo akitembea haraka na karatasi zikimpepea mkononi.

Karatasi hizo ndizo zilizonitia aibu kwanza. Mimi niliishia darasa la nane na nasoma polepole. Hata sasa naandika polepole, nasimama kwenye neno, nalitazama. Siku moja alitoka na karatasi, akaiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akasema, "Fundi, nisomee."

Nilimwambia mimi si msomaji. Alisema anajua, ndiyo maana. Yeye akisoma mwenyewe macho yake yanakimbia, yanafikiri tayari yanajua kilichoandikwa. Mimi nikisoma, kila neno lazima lisimame. Basi nikasoma, pale veranda, watu wakipita, nikikwama kwenye maneno marefu, masikio yakiwaka moto. Yeye alikaa kwenye kiti cha wateja amefumba macho. Nilipofika mwisho alisema, "Rudia pale pa pili." Kumbe pale pa pili palikuwa na neno moja lililoongezwa, na neno hilo lilizuia watu wa alama fulani kuingia stashahada. Akainuka, akaingia ndani, nikasikia anachana ukutani tangazo la zamani.

Tangu hapo Ijumaa jioni nilisoma. Sikuzoea. Kila mara nilitamani mvua inyeshe watu wasipite.

Karatasi za zamani hakuziweka. Hakukata mstari kwa kalamu na kuandika juu, alizitoa zote, akampelekea mama wa chai azitie jikoni. Alisema karatasi ya zamani ikibaki hapo, siku moja mtu ataisoma na kuiamini. Mabango vilevile. Chuo kilikuwa kimebandika mabango Amukura, Chakol, hadi kwenye kuta za posho mill, kule kunakosagwa unga, na sheria ikibadilika yeye alienda siku ya soko na ndoo ya maji na kitambaa, akayabandua kwa mkono. Wakala mmoja wa forodha alimkuta hapo akisugua uso wa mwanafunzi aliyevaa kofia ya mahafali, akamwambia, "Madam, wewe peke yako ndiye naona anang'oa biashara yake mchana."

"Imepitwa na wakati," alimjibu.

"Hata mimi nimepitwa na wakati, na mke wangu hajanibandua."

Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Alikuwa mtu wa kucheka, hilo lisisahaulike. Wengi wanamkumbuka kama mtu wa sheria tu.

Kulikuwa na baba mmoja wa Chakol aliyemletea jogoo. Kijana wake alitaka stashahada na alama zake hazikufika. Baba alimweka jogoo chini, amefungwa miguu, akaanza kuongea habari za msimu na mahindi, kama watu wanavyofanya. Madam alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa heshima, "Mzee, huyu jogoo arudi nyumbani. Alama hazitoshi." Yule mzee alitoka na jogoo wake amemshika kichwa chini, akapita mbele ya cherehani yangu bila kusalimia. Niliinamisha uso. Sijui kwa nini mimi ndiye niliyeona haya.

Lakini Jumamosi iliyofuata Madam alipanda piki hadi Chakol, akauliza boma kwa boma mpaka akampata. Alimweleza kwamba kijana anaweza kuanza chini, kwenye ufundi wa kawaida, apande ngazi, na baada ya muda afike palepale alipotaka, bila mtu kupindisha kitu. Kijana alianza. Jogoo, nilisikia, walimla siku ya kumsindikiza.

Ndivyo alivyokuwa, mkali mezani, kisha anakufuata nyumbani. Na alikuwa na mambo yasiyolingana. Yeye aliyeuliza kila kitu ni cha lini, kalenda ya ofisini kwake ilikuwa ya miaka mingi nyuma, kwa sababu ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji aliyoipenda. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa na bado aliivaa. Hakuamini uvumi wowote wa sheria, lakini uvumi wa kwaya ya kanisani aliuamini wote, na akaongeza wake. Alihimiza wazazi waulize maswali, na mzazi akimwuliza yeye kama ana hakika, alinuna hadi jioni. Kuulizwa kama ana hakika lilikuwa jambo alilolichukia kuliko yote. Nadhani kwa sababu hakika ndiyo kitu pekee alichokuwa akiuza.

Sasa nifike kwa dada yangu.

Dada yangu mdogo ni Amoit. Sekondari alisoma Tororo kwa shangazi yetu, ambaye aliolewa huko. Kwetu hilo si jambo la kushangaza, mpaka ni barabara tu, na kuna watu ambao jikoni wako Kenya na ng'ombe wako Uganda. Amoit alimaliza kidato cha nne huko, akapata cheti cha Uganda, akarudi nyumbani Chakol. Alitaka kusomea umeme. Tangu utotoni alifungua redio za watu, na nyingine alizirudisha zikifanya kazi. Mama hakupenda, alisema umeme ni wa wanaume na unaua. Mimi ndiye niliyesema aende, na mimi ndiye niliyempeleka kwa Madam, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu, nikijiona mkubwa.

Cheti cha Uganda hakiingii chuo cha Kenya hivihivi. Lazima kitumwe Nairobi, kilinganishwe na cha Kenya, upewe barua inayosema alama zako ni sawa na zipi za hapa. Kwa miaka yote niliyokaa pale veranda, mwanafunzi aliruhusiwa kuanza masomo huku barua ikisubiriwa. Aliileta baadaye, ikaambatishwa, basi. Madam aliwasajili hivyo wengi. Amoit naye alimsajili hivyo, na wengine wachache wa ng'ambo, akawaambia barua isichelewe sana. Siku hiyo alimtazama Amoit akasema, "Huyu ataniwekea taa ofisini." Amoit alicheka. Mimi nilijisikia kama nimeshinda kitu.

Amoit alisoma. Asubuhi alipita kwangu amevaa ovaroli niliyomshonea, iliyompwaya kidogo mabegani. Jioni alinieleza habari za nyaya. Alikuwa wa kwanza darasani kwa mikono, nasikia, ingawa si kwa karatasi. Kilichobaki ni mtihani wa taifa. Bila huo mtihani, yote aliyojifunza yangekuwa ya kuongea tu, hakuna kampuni ingemwachia nyumba aiwekee waya.

Ilipofika wakati wa kuandikisha majina ya mtihani, majina ya wale wa vyeti vya Uganda yalirudi. Yote. Yalirudi na maelezo kwamba mwanafunzi wa namna hiyo lazima awe na barua ya kulinganishwa kabla ya kusajiliwa chuoni, si baada. Aliyesajiliwa bila barua hakuhesabiwa kuwa amesajiliwa. Mwaka wake haukuwapo.

Nilikuwa natia vifungo Madam alipotoka na hiyo karatasi. Hakusema "Fundi, nisomee." Aliniwekea tu mapajani. Nilisoma polepole kama kawaida. Nilipomaliza aliuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo sheria ni ya lini?"

Nikatafuta. Ilikuwa ya kabla ya Amoit kusajiliwa. Kabla kidogo tu, lakini kabla.

"Haiwezekani," akasema. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kutoa simu.

Wasajili wa vyuo vya sehemu zetu walikuwa na grupu la simu. Mle ndani ofisi za juu zilituma taarifa, lakini pia watu walituma sala za asubuhi, video za vichekesho, harusi, michango. Msimu sheria hiyo ilipotoka, mwanachama mmoja alifiwa na mama yake na grupu likajaa pole. Pole, pole sana, pole ndugu, mchana kutwa, simu ikilia kila moja. Madam alikuwa na mzazi mbele yake aliyekuwa akilia kwa ajili ya mtoto wake, na simu ikilia nayo. Akalinyamazisha grupu ili amsikie mzazi. Hakukumbuka kulifungua tena. Na yule mama wa Nairobi alikuwa amehamishwa kwenda idara nyingine, aliyekaa mahali pake akipigiwa alisema hakuna jipya, na kwenye tovuti tangazo halikuwekwa. Njia zake zote zilizibika wakati mmoja, na ile moja iliyobaki wazi alikuwa ameizima kwa kidole chake.

Alipandisha meseji juu, juu, juu. Akaikuta taarifa. Ilikuwa katikati ya pole. Mtu alikuwa ameituma bila hata salamu, na chini yake mwingine ameandika apumzike kwa amani.

Nilibaki na sindano mkononi, na nikaona kwamba anatazama saa yake iliyokufa.

Mkuu wa chuo alikuja mchana. Dirisha lisilofungika likanipa yote. Alimwambia asihangaike, wazazi waambiwe mtandao wa serikali umekwama, wasubiri, na mwaka ujao watoto wataandikishwa kimyakimya, wengi hawatajua. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsaidia.

"Mtandao haujakwama," Madam alisema. "Mimi ndiye niliyekwama."

"Madam, hiyo lugha itatumaliza sote."

"Basi nitaisema peke yangu."

Habari ilienea kabla Madam hajaondoka ofisini. Malaba haifichi kitu. Wazazi wawili walifika veranda wakapiga kelele, mmoja akiuliza kama kazi yake ni kunywa chai na mawakala. Vijana wa boda nao walipata la kusema. Mmoja alisimamisha piki mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Fundi, si wewe ndiye msomaji wake? Hiyo hukusoma?" Wenzake wakacheka. Nilijua karatasi hiyo haikuletwa kwangu, hata kwake haikufika. Lakini aibu haiulizi kama una hatia. Iliniingia shingoni ikakaa. Nilikanyaga cherehani bila uzi, ili tu nionekane nina kazi.

Madam alianza kuwaeleza wazazi kwa kuja nyumbani kwetu. Alisema ataanza na walio karibu naye, wasije wakasikia kwa wengine. Tulienda Chakol pamoja, piki mbili, mimi mbele nikionyesha njia. Nilikuwa nimempigia mama kwamba mgeni anakuja, lakini sikumwambia ni kwa nini. Ulimi ulikataa. Kwa hiyo mama alipika kama unavyompikia mwalimu wa mtoto wako. Alisonga atapa, ule ugali wetu wa wimbi na muhogo, akaunga kunde na simsim, akachinja kuku. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mistari ya ufagio ikionekana.

Madam alipofika hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alisalimia, "Yoga," kwa Kiteso chake kibovu, kisha akapiga magoti mbele ya mama, pale chini kwenye udongo, na sketi yake ya ofisi. Kwetu mwanamke hupiga magoti kumsalimu mkubwa, si ajabu. Lakini mama yangu hajui kuandika jina lake, na huyu alikuwa mtu wa ofisi. Mama alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Amoit, akanitazama mimi, akidhani kuna mtu amekufa.

Akiwa bado amepiga magoti alieleza yote. Hakutaja mtandao, hakutaja Nairobi, hakutaja yule aliyehamishwa. Alisema kulikuwa na taarifa, ilikuwa kazi yake kuiona, na hakuiona. Nilimtafsiria mama. Nilipofika mahali pa mtihani Amoit mwenyewe akamalizia, kwa Kiteso, akitazama miguu ya kuku iliyotupwa uwanjani. Alisema, "Mama, sitafanya mtihani mwaka huu."

Mama akauliza kama mwaka mwingine inawezekana. Madam alisema inawezekana, barua ikipatikana kwanza, na kwamba yeye mwenyewe atampeleka Amoit Nairobi kuitafuta. Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, akaingia jikoni, akarudi na maji ya kunawa.

Madam hakunyoosha mikono.

Alisema hawezi. Alisema chakula hicho ni cha mtu aliyeleta habari njema. Mama alimwambia kupitia kwangu kwamba chakula hakijui habari, kimeiva tu. Madam alisema asante, akasimama, akapangusa magoti, akaenda kwenye piki. Mama alibaki na birika mkononi. Niliwahi kumwona mama amekasirika mara nyingi, lakini siku hiyo hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Alifunika sahani ya mgeni kwa sahani nyingine. Jioni ile hakuna aliyeigusa.

Nairobi alimpeleka, kweli. Amoit aliniambia kwamba njiani hakuongea, na kule ofisini aliuliza kila dirisha mara mbili. Barua ilipatikana. Amoit akasajiliwa upya, akaanza tena mwanzo na watoto wapya, akiwa na ovaroli ileile ambayo sasa ilimkaa sawa mabegani. Muhula ulipoisha Madam aliacha kazi. Wengine walisema alifukuzwa, wengine alihama. Hakuniaga. Nilifika asubuhi nikakuta chumba kitupu na ukuta umebanduliwa karatasi zote, ni ile kalenda ya maporomoko tu iliyobaki. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu mzuri, hakunisumbua kusoma. Ijumaa jioni nilikaa bila aibu, na sikuipenda hiyo raha.

Hapo ndipo habari yake ilipoishia kwangu, mpaka majuzi.

Nilikuwa nimeenda Busia mjini kununua bitana na nyuzi. Nikipita karibu na mpaka, pale akina mama wanapovuka na mizigo midogo, nilisikia mtu akiuliza, "Hiyo ni ya lini?" Nilisimama kabla sijaona. Alikuwa amekaa kwenye stuli chini ya mwavuli mkubwa, na akina mama wamemzunguka na ndoo zao. Huwasaidia wafanyabiashara wadogo sasa, huwaambia ni nini kinavuka leo na kinahitaji karatasi gani. Mama mmoja mwenye trei za mayai alikuwa akibisha kwamba aliambiwa mayai yanapita bure. "Nimeuliza dirishani asubuhi hii," Madam alikuwa akimwambia, "na nitauliza tena saa sita."

Aliinua uso, akaniona, na sentensi ikakatika.

Nami ningeondoka, nasema kweli. Miguu ilikuwa tayari. Tulikuwa watu wawili wazima, kila mmoja akitafuta mahali pa kutazama. Mwenye mayai ndiye aliyetuokoa. "Madam, huyu ni mteja ama ni mkwe? Mbona mnaoneana haya?" Wenzake wakacheka, nasi tukalazimika kusalimiana.

Aliniuliza habari za cherehani. Nikamwambia nzima. Akauliza kama dirisha lile limetengenezwa. Nikamwambia bado. Akauliza mama wa chai, akauliza mawakala, mmoja mmoja kwa jina. Mtu aliyeishi kwa kuuliza, niliona swali moja analizunguka kama mbwa anayezunguka mahali pa kulala. Mwishowe alishika mti wa mwavuli kwa mikono miwili.

"Yule msichana," akasema.

"Alifanya mtihani, Madam. Alipita. Sasa anaweka waya nyumba za watu Amukura."

Aligeuka akapanga makaratasi yaliyokuwa yamepangika. Nilipoona anatafuta leso nilitazama viatu vyangu, na katika kutafuta la kusema, maana sikujua kumfariji mtu mkubwa kuliko mimi, nilisema lile nililokuwa nalo.

"Mama anasema hukula."

Alipangusa uso kwa ncha ya leso. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alinitazama kama zamani, amekunja uso.

"Hiyo ni ya lini?"

"Ya leo asubuhi. Kila nikisafiri ananiambia nikikuona nikulete ule."

Alifikiri. Kisha akamwambia mwenye mayai amwulize jirani yake yaliyobaki, akainuka, na akaanza kukunja mwavuli.